Bustani ya Nyumbani Katika Majira ya Baridi

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano wa Wanachama, katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Katika sherehe ya namna hii ni desturi kuhesabu magunia ya kahawa yaliyopita ghalani, na mikopo iliyotolewa na iliyorudishwa. Hesabu hizo mmekwisha kuzisikia kwa Katibu na kwa Mweka Hazina. Sisi wa Kamati ya Kilimo tumepewa kazi nyingine, ambayo kwa kuitazama haraka ni ndogo. Tumeagizwa tuseme juu ya kipande kile cha ardhi kilicho nyuma ya jiko, na jinsi ya kukilima na kukitunza katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati mlima wetu unapojifunika mawingu na watu kuota moto.

Huenda mwanachama akauliza: kabichi na vitunguu vinahusianaje na Chama Kikuu cha wakulima wa kahawa? Jibu letu ni hili. Mwezi wa Juni ukifika, mahindi ya masika bado yamo shambani, hayajakauka. Kahawa ndiyo kwanza inaanza kugeuka rangi, na fedha zake ziko mbali. Mwezi wa Julai shule zinafunguliwa, na mtoto anadaiwa daftari, sare na mchango. Basi katika wiki hizo hizo hupita mnunuzi na pikipiki yake, akainunua kahawa ingali mtini kwa bei aitakayo yeye. Mwenye shamba hana nguvu ya kukataa, kwa maana nyumbani hakuna cha kupika wala cha kuuza. Kahawa ikiiva, si yake tena. Chama cha msingi hukosa mazao, kisha hukosa ushuru, kisha hushindwa kulipa mkopo wa pembejeo, na mwisho wanachama hulaumiana.

Watu husema kwamba ushirika huuawa na wezi wa ofisini. Ni kweli, huuawa nao. Lakini huuawa pia na sufuria tupu. Nyumba yenye mboga ya kula na fungu la kupeleka sokoni inaweza kungoja. Na ushirika, ndugu zetu, ni kazi ya watu wanaoweza kungoja pamoja.

Ardhi tuliyo nayo

Hapana budi tukumbuke kwamba ardhi hii ni ndogo, na haikubaki mikononi mwetu bila jasho. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili nchi ile wapewe walowezi. Wenyeji walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kueleza dai lao. Uchangaji ule ulikuwa ushirika, hata kama haukuandikwa katika daftari la msajili.

Vyama vyetu navyo vimepita katika mabonde. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirejesha. Kwa hiyo miaka kumi si mingi, wala si haba. Lakini katika muda huo baba amegawa shamba kwa wanawe, na mji wa Arusha umepanda mlimani kwa nyumba na barabara. Aliyekuwa na ekari tatu leo ana moja, na mwenye moja ana robo. Maadamu ardhi haiongezeki, yatupasa kuongeza akili na samadi. Kipande cha nyuma ya jiko hakiwezi tena kuachwa kiwe mahali pa kumwaga majivu na kufunga mbuzi.

Majira yenyewe

Baridi ya kwetu si kama ile ya Ulaya iuayo mimea kwa barafu. Katika jiji la Arusha, lililo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai joto hukaribia nyuzi 12 au 13 za Selsiasi. Ukipanda kuelekea Ilboru, Nkoaranga au Mulala, baridi huongezeka. Upepo wa kusi huleta mawingu na kuyaegemeza kwenye mteremko wa kusi na mashariki, nayo hukaa siku nzima, pengine yakitoa manyunyu. Upande wa kaskazini na magharibi, kama Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu, mlima huzuia mvua, na huko baridi huja pamoja na ukavu na vumbi.

Basi ni lazima kila mmoja ajue anaishi upande gani wa mlima. Ushauri ufaao Poli hauwezi kufaa wote Oldonyo Sambu. Wa kusi taabu yake ni unyevu uliozidi na jua lililopungua. Wa kaskazini taabu yake ni maji. Lakini jambo moja ni la wote: udongo ukipoa, mbegu huchelewa kuota, mizizi hufanya kazi polepole, na samadi huoza polepole. Anayetaka kula mwezi wa Julai hapandi mwezi wa Julai. Kitalu chake huwa tayari masika yangali yakinyesha.

Mboga za kuchagua

Mimea ni kama watu, iko ipendayo baridi na iko iichukiayo. Ipendayo baridi ni kabichi, sukuma wiki, koliflawa, saladi, spinachi, karoti, figili, njegere, liki, vitunguu maji na vitunguu saumu. Hii ikipandwa wakati wa joto hukimbilia kutoa maua au hushambuliwa mno na wadudu, ila wakati wa baridi hutulia na kujaza. Karoti ya majira haya huwa tamu na yenye rangi nzuri. Kabichi hufunga kichwa kigumu.

Iichukiayo baridi ni nyanya, pilipili hoho, biringanya, bamia na matango. Mchicha nao hudumaa. Wengi hushangaa kuona nyanya imesimama na afya, imetoa maua, kisha maua yakaanguka bila tunda. Sababu yake ni kwamba usiku ukiwa chini ya nyuzi 13 hivi, chavua ya nyanya haifanyi kazi yake sawasawa. Si uchawi, wala si jicho la jirani. Anayeishi juu mlimani afadhali angoje Agosti imalizike. Aliye chini, Kikatiti au Usa River, anaweza kujaribu kwa uangalifu. Ziko nyanya kama Tanya na Tengeru 97, zilizotoka kwa watafiti wa papa hapa Tengeru katika miaka ya 1990, ambazo wakulima wa kwetu wamekwisha kuzizoea.

Tusizidharau mboga za asili. Mnavu hustahimili ubaridi wa mlimani, na loshuu hali kadhalika. Kwa miaka mingi mboga hizi ziliitwa chakula cha maskini, hata vijana wakaona haya kuzipeleka sokoni. Lakini kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa Tengeru mwaka 1992 kimezikusanya mbegu zake, kikazichunguza na kuzirudisha kwa wakulima zikiwa bora. Majani haya ya kijani yana madini ya chuma na vitamini A ambavyo mtoto na mama mjamzito huvihitaji sana. Yapikwe kwa muda mfupi, yawekwe mafuta kidogo ili mwili uweze kuichukua ile vitamini, na maji yake yasimwagwe.

Mpango wa matuta manne

Kwa nyumba yenye nafasi ndogo tunapendekeza matuta manne, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Upana huo una maana yake: mtu hufika katikati kwa mkono kutoka pande zote mbili, asilazimike kukanyaga udongo. Udongo uliokanyagwa wakati wa unyevu hugandamana, na mzizi hauna pa kupumua. Kwenye mteremko, matuta yakate mteremko, yasiufuate. Upande wa kusi wa mlima yainuliwe sentimita 20 ili maji yatoke. Upande wa kaskazini yafanywe bapa au yashuke kidogo, ili maji yabaki.

Tuta la kwanza ni la majani: sukuma wiki au kabichi, mistari miwili, sentimita 60 kati ya mstari na mstari, na sentimita 45 kati ya shina na shina. Tuta hilo hubeba mashina 22. Sukuma wiki ichumwe kuanzia majani ya chini, na majani manne au matano ya juu yaachwe yalishe mmea. Tuta la pili ni la mizizi na vitunguu: nusu yake karoti, nusu yake vitunguu. Vitunguu vikipandikizwa sentimita 15 kati ya mistari na sentimita 10 kati ya miche, nusu tuta huchukua miche 150 hivi. Tuta la tatu ni la jamii ya kunde, yaani njegere au maharage, ambayo hurutubisha udongo kwa vinundu vya mizizi yake. Tuta la nne ni la mnavu na loshuu.

Msimu ukibadilika, mazao nayo yahame, kila kundi lisogee tuta moja. Mmea ukirudiwa mahali pale pale hujenga nyumba kwa maradhi yake. Nyanya isifuate viazi mviringo, wala viazi visifuate nyanya, kwa kuwa ni ndugu na maradhi yao ni ya ukoo mmoja. Mnavu nao ni wa ukoo huo huo, kwa hiyo tuta lililokuwa la mnavu lisipewe nyanya msimu unaofuata.

Kitalu na kupandikiza

Mbegu inunuliwe katika duka linalojulikana, ikiwa na lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania. Mbegu chotara isitunzwe kwa kupandwa tena, kwa sababu watoto hawatafanana na mama. Mbegu za mnavu, loshuu na kunde tunaweza kuzitunza wenyewe, mradi tuchague mashina yenye afya tangu mapema, tuyafunge kitambaa, na tusiyachume kabisa.

Kitalu kiwe mahali pa jua, si chini ya mgomba. Mistari iachane sentimita 10 hadi 15, na mbegu ifukiwe kwa kina cha sentimita 1 tu. Tandaza nyasi kavu juu yake, ukaziondoe mara miche inapochomoza. Jioni mtu anaweza kufunika kitalu kwa majani ya mgomba yaliyoegemezwa juu ya fito, na asubuhi akayafunua ili jua liingie. Miche ikisongamana ipunguzwe. Katika baridi na unyevu, miche iliyobanana hupatwa na kinyausi: shina hulainika penye usawa wa udongo, mche ukaanguka kama uliokatwa. Dawa ya kwanza ya kinyausi ni nafasi, jua na kupunguza maji.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza, miche izoeshwe shida. Maji yapunguzwe na kivuli kiondolewe. Siku ya kupandikiza kitalu kiloweshwe, mche ung'olewe na udongo wake, na upandwe kwa kina kile kile ilichokuwa nacho kitaluni. Neema moja ya majira haya ni kwamba siku ya mawingu tunaweza kupandikiza saa yoyote. Karoti haipandikizwi. Hupandwa pale pale itakapokomaa, udongo ukiwa umelainishwa vizuri, na ikiota hupunguzwa hadi sentimita 5 kati ya mmea na mmea. Mwenye kupanda karoti wakati wa baridi asikate tamaa siku ya kumi asipoona kitu. Yaweza kuchukua wiki mbili na zaidi.

Maji

Wakati wa joto tumezoea kumwagilia jioni. Wakati wa baridi desturi hiyo ni hatari. Jani lililolala usiku kucha likiwa limelowa ni kitanda cha ukungu. Basi tumwagilie asubuhi, umande ukiisha kukauka, na tumwagilie udongo, si majani. Kabla ya kubeba ndoo, mtu achome kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Akikuta unyevu, airudishe ndoo yake. Kuna bustani nyingi zinazokufa kwa kupendwa mno.

Wale wanaotumia mfereji wakumbuke kwamba zamu ni haki ya mtu. Anayefungua maji usiku katika zamu ya jirani hajachukua maji tu, amechukua mboga ya watoto wa jirani. Mito ya Themi, Nduruma, Tengeru na Usa hushuka kutoka mlimani hadi Kikuletwa, na Kikuletwa hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea na Pangani hadi baharini. Nyuma yetu daima yuko mwingine anayengoja. Kamati za mifereji zifanye kazi ya kusafisha mifereji mara masika yanapokwisha, kabla haijazibwa na matope na majani.

Tuongeze neno moja juu ya maji haya. Chemchemi na mito kadhaa ya Meru ina madini mengi ya floraidi, yaharibuyo meno na mifupa ya watoto. Kuchemsha hakuyaondoi. Maji yafaayo kumwagilia kabichi si lazima yafae kwa uji wa mtoto. Kila kijiji kiulize kwa wataalamu wa maji habari ya chanzo chake.

Mbolea na matandazo

Wengi wetu tunafuga ng'ombe ndani, tukiwakatia majani. Hiyo ni hazina. Lakini samadi mbichi ikitiwa shimoni huunguza mizizi, huleta magugu na kuwaita sota. Iozwe kwanza. Rundo la mboji lijengwe mwishoni mwa masika: tabaka la mabua na majani makavu, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi, na udongo kidogo, kisha kurudia. Lifunikwe kwa majani ya migomba ili mvua isilisuuze. Choma kijiti kirefu katikati na ukitoe baada ya siku chache. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, rundo linataka maji. Kikiwa baridi nalo limelowa na kunuka, linataka kupinduliwa. Kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya kuoza, hesabu miezi mitatu.

Matandazo ya nyasi ni mazuri upande wa ukavu, kwani huhifadhi unyevu na kuupa udongo joto usiku. Upande wa unyevu yawe membamba na yasiguse shina, la sivyo konokono watakaa humo. Majivu ya jikoni yatumike kwa kiasi, kiganja kimoja kuzunguka shina, ili kumsumbua sota.

Maradhi na wadudu

Adui mkubwa wa majira haya ni ugonjwa ambao wengi wetu huuita ukungu, na wataalamu huuita bakajani chelewa. Hushambulia nyanya na viazi mviringo. Jani huota madoa ya kijani kilichokolea kama lililomwagiwa maji ya moto, kisha huwa jeusi, na asubuhi chini ya jani huonekana utando mweupe. Hupenda ubaridi na unyevu, na ukiachwa huweza kumaliza shamba kwa siku chache. Ugonjwa huu ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Tusiufanyie mzaha.

Kinga yake huanza kabla ya dawa. Panda kwa nafasi, nyanya sentimita 75 kwa 50. Ipe nguzo, ipunguze matawi ya chini, na usiingie bustanini asubuhi majani yakiwa yamelowa, kwa maana nguo na mikono huusambaza. Jani la kwanza lenye doa likatwe na kufukiwa mbali au kuchomwa, lisitupwe kwenye mboji. Vitunguu navyo hupata ukungu wake wa rangi ya zambarau, na kinga ni hiyo hiyo ya nafasi na hewa.

Kwa wadudu, baridi inatusaidia kidogo, ila haituachi huru. Vidukari hukaa chini ya majani ya sukuma wiki. Wakiwa wachache wapanguswe kwa mkono au waoshwe kwa maji. Sota hukata miche usiku, na asubuhi ukifukua kando ya mche uliokatwa utamkuta amejikunja. Yuko pia kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyeingia kwetu mwaka 2014 na kuwatia hasara kubwa wakulima wa Arumeru. Wakati wa baridi huongezeka polepole zaidi, na kwa hiyo huu ndio wakati wa kuondoa mabaki yote ya nyanya na kuyafukia, ili joto likirudi asikute makao.

Ikibidi kutumia dawa, itumike iliyosajiliwa. Tuna bahati kwamba Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ipo hapa hapa Arusha. Lebo isomwe, na asiyejua kusoma asomewe. Kipimo kisizidishwe kwa hasira. Siku za kungoja kabla ya kuvuna zihesabiwe na kutimizwa. Dawa isitiwe kamwe katika chupa ya soda, wala isiwekwe karibu na chumvi. Tunda lililopigwa dawa jana na kupelekwa sokoni leo ni deni, na deni hilo hulipwa na mtoto wa mtu usiyemjua.

Migomba na kahawa

Bustani ya kwetu haitengani na migomba na kahawa, basi tuseme machache. Shina la mgomba libaki na vizazi vitatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine yaondolewe, na majani makavu yakatwe na kutandazwa chini. Mkungu wa wakati wa baridi hukawia kujaa, usikatwe kwa haraka. Kahawa nayo ikifunikwa na kivuli kizito katika mawingu haya, hewa haipiti, na chulebuni hupata nafasi ya kuharibu buni changa. Punguza matawi ya miti ya kivuli na migomba iliyosongamana, hata jua liguse ardhi kidogo. Mwanga huo huo utazifaa mboga zako.

Wenye viwanja vidogo

Wako wanachama, hasa jamaa zetu walio Moshono, Sokon na mitaa ya jiji, ambao hawana hata matuta manne. Gunia lililojazwa udongo na mboji, likiwa na nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, hubeba miche ya sukuma wiki juu na ubavuni. Liwekwe upande wa nyumba upatao jua la asubuhi. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa, ila maji ya sabuni nyingi hayafai. Mchagua jembe si mkulima, na mwenye gunia moja lililotunzwa humzidi mwenye robo ekari ya magugu.

Soko

Tukilima wote kabichi, tukaipanda wiki moja, tutaivuna wiki moja, na bei itaanguka Tengeru na Kilombero siku hiyo hiyo. Hili si jambo la mtu mmoja kulitengeneza. Tunapendekeza kila chama cha msingi kiwe na daftari la bustani, ambamo wanachama huandika wanapanda nini na lini, ili vikundi vipishane kwa wiki mbili mbili. Tunapendekeza pia mboga zipimwe kwa mizani. Lumbesa, gunia lile lililovimba kama mlevi, imekatazwa na sheria ya vipimo, lakini bado inatembea barabarani kwa sababu mkulima mmoja mmoja hana sauti mbele ya gari la mnunuzi. Wakulima ishirini waliosimama penye mizani moja wana sauti.

Na fedha za bustani zijulikane ni za nani. Katika nyumba nyingi mama ndiye achotaye maji, ndiye apaliliaye, ndiye abebaye kikapu hadi Tengeru siku ya Jumatano na Jumamosi. Si haki jioni fedha zikahesabiwa na mwingine. Chama kinachodai haki kwa wanunuzi wa kahawa sharti kitende haki jikoni kwake. Tunaomba vyama vya msingi viwaandikishe kina mama kuwa wanachama kwa majina yao wenyewe, wasibaki kuwa mke wa fulani.

Neno la mwisho

Bwana Mwenyekiti, hatukuleta habari mpya sana. Mengi katika haya wazee wetu waliyajua, na mengine Mabwana na Mabibi Shamba wameyasema mara nyingi. Tumeyakusanya ili yasomwe nyumbani, na watoto walio shuleni wawasomee wazazi wao.

Tunaomba mambo matatu kwa kila mwanachama kabla ya mwisho wa mwezi huu: kitalu kimoja, rundo moja la mboji, na jina lake katika daftari la bustani la chama chake cha msingi. Kwa Chama Kikuu tunaomba mbegu zenye lebo ziwekwe katika maghala yetu mapema, masika yangali yakinyesha, zisifike Agosti wakati hazina kazi.

Haba na haba hujaza kibaba. Miaka kumi ijayo hatujui bei ya kahawa itakuwa nini katika masoko ya dunia, kwa maana bei hiyo hatuipangi sisi. Lakini kama katika miezi ya baridi kila jiko la mwanachama litakuwa na mboga, basi kahawa yake itafika ghalani ikiwa bado ni yake.

 Ushirika ni nguvu.